Utafiti si wa maabara peke yake

Hapa Lubumbashi usemi huu umezoeleka: utafiti ni kazi ya maprofesa wa sayansi wenye vyombo, na mwanafunzi wa historia au sosholojia anaandika tu kitabu cha kupatia diploma. Si kweli.

Tazama Kasulo, mtaa wa Kolwezi, mji wa migodi hapa Kongo, ambako mwaka 2014 kobalti, madini ya kutengenezea betri, ilionekana chini ya nyumba za watu, wenyeji wakaanza kuchimba uani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji, walipima damu, mkojo na vumbi la nyumbani, wakalinganisha na sehemu ya jirani isiyochimbwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: wakaaji wa Kasulo, na watoto hasa, walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini. Kupima mkojo ni kazi ya daktari na mkemia. Lakini kwa nini familia ichimbe chini ya nyumba inamolala? Hilo hakuna mashine inayolijibu. Lazima mtu akae na wenyeji, aulize, asikilize.

Na kusikiliza kuna kanuni zake. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 ukiongozwa na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya kumbukumbu za watu wa mji wenyewe. Mwanahistoria makini hulinganisha simulizi na simulizi, kisha na nyaraka, kabla ya kuandika. Kazi za namna hiyo mara nyingi hubebwa na wanafunzi wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari. Kuwanyima jina la watafiti ni kuwaonea.