Mikwaruzo kwenye miwani: kwa nini haifutiki, na namna ya kuizuia

Mkwaruzo kwenye lenzi si uchafu. Si kitu kilichoganda juu ya lenzi kiasi kwamba ukisugua vya kutosha kitatoka. Ni sehemu ya lenzi iliyokwisha kung'oka. Mtu akilielewa hilo, ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni kuhusu dawa ya meno, magadi soda na nta ya gari unaanguka wenyewe, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachorudisha kilichoondoka. Vinavyosugua vinaila sehemu iliyobaki nzima, na nta inauficha mkwaruzo kwa muda tu. Kwa hiyo nguvu kubwa inafaa iwekwe kwenye kuzuia, na sehemu kubwa ya kuzuia iko kwenye jinsi unavyoisafisha miwani yako kila siku.

Lenzi yako imetengenezwaje

Lenzi nyingi za siku hizi ni za plastiki, ingawa tumezoea kuziita vioo. Iliyoenea sana ni ile iitwayo CR-39. Ipo polikaboneti, inayochaguliwa kwa watoto na kwa miwani ya usalama kwa kuwa haipasuki kirahisi. Wenye namba kubwa hupewa plastiki zinazopinda mwanga zaidi ili lenzi isiwe nene, zile zinazoandikwa 1.60, 1.67 au 1.74. Zote hizo ni laini zikilinganishwa na kioo, na polikaboneti ndiyo laini kuliko karibu zote. Ikiachwa bila kinga, kufutwa ikiwa kavu mara chache kunatosha kuijaza alama.

Ndiyo maana lenzi hupakwa tabaka gumu la kinga. Unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni 2 na 5, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi. Juu ya tabaka hilo, kwa miwani iliyowekewa kinga dhidi ya mng'ao, kuna matabaka mengine kadhaa ya oksidi ambayo yote kwa pamoja hayafiki hata maikroni 1. Juu kabisa kuna utando mwembamba zaidi unaofanya maji na mafuta ya ngozi yasishike.

Muuzaji akikuambia lenzi "haikwaruziki," mwelewe kuwa anamaanisha inastahimili zaidi, si kwamba haiwezi kukwaruzika. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga, na mchanga kwa sehemu kubwa ni kwazi (quartz), madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Kioo cha kawaida ni takriban 5.5. Chembe inayoweza kukwaruza kioo haishindwi na plastiki, hata iliyopakwa kinga.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: miwani yenye kinga ya mng'ao huonekana kukwaruzika upesi kuliko ile ya bei nafuu isiyo na kinga hiyo. Mara nyingi si kwamba imekwaruzika zaidi. Uso wa plastiki ya kawaida huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga unaougusa, na ule wa lenzi ya 1.67 huakisi zaidi ya asilimia 6. Tabaka la kuzuia mng'ao hushusha kiwango hicho hadi chini ya asilimia 1. Tabaka likichanika, hata kwa mstari mwembamba sana, mstari huo unabaki peke yake ukiakisi mwanga katikati ya uso usioakisi. Alama ambayo kwenye lenzi isiyo na tabaka usingeiona, hapa inang'aa.

Kosa kubwa: kufuta lenzi ikiwa kavu

Wengi huogopa miwani kuanguka, na ni kweli kuanguka kunaharibu. Lakini mikwaruzo mingi midogo, ile inayojikusanya katikati ya lenzi mpaka mtu anaona kama ukungu, hutokana na kufuta. Vumbi likiwa juu ya lenzi kavu, kitambaa chochote, hata kilicho laini namna gani, kinalikamata na kuliburuta. Pindo la shati limekusanya vumbi tangu asubuhi. Tishu imetengenezwa kwa nyuzi za mti, ni ngumu kuliko inavyohisiwa na vidole. Kupulizia pumzi au kutia mate hakusaidii, kwani unyevu huo ni mdogo mno kuinua chembe na kuiondoa. Unalainisha mafuta tu na kuacha mchanga palepale.

Maji ndiyo yanayoondoa mchanga. Nawa mikono kwanza, kwa sababu vidole vyenye vumbi ni hatari sawa na kitambaa chenye vumbi. Fungua bomba, maji yatiririke taratibu, yawe ya baridi au vuguvugu. Kabla hujaigusa lenzi kwa kidole, acha maji yapite juu yake pande zote mbili kwa sekunde 10 hadi 15. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kisha weka tone dogo la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kila lenzi na uisambaze kwa ncha za vidole, bila kukandamiza. Chagua sabuni isiyo na losheni ya kulainisha mikono, maana hiyo huacha utando wa mafuta. Pitisha vidole pia kwenye mikono ya miwani, kwenye vile vipande vidogo vinavyokaa puani, na pale lenzi inapokutana na fremu. Hapo pembeni ndipo mchanga hujificha, kisha kitambaa huutoa na kuupeleka katikati.

Suuza mpaka utelezi wote uishe, kung'uta maji, halafu kausha. Usianze kwa kufuta: kwanza gusisha kitambaa ili kinywe matone, ndipo ufute polepole. Usiiache ikauke yenyewe pia, kwa kuwa maji yenye chumvichumvi huacha madoa meupe ambayo baadaye mtu huyasugua yakiwa makavu. Pasipo na bomba, mimina maji kwa kikombe. Usiitumbukize kwenye beseni, kwa sababu mchanga unaotoka huzama chini na miwani inaweza kuukuta tena huko.

Kitambaa cha maikrofaiba ni kizuri kwa sababu nyuzi zake huvuta vumbi na kulishikilia, na ubaya wake unatokana na sifa hiyohiyo. Kisipofuliwa, kinageuka msasa. Kifue angalau mara moja kwa wiki kwa sabuni ya kawaida, bila dawa ya kulainisha nguo, kikauke mahali pasipo na vumbi, na kikae ndani ya kasha la miwani badala ya mfukoni au chini ya mkoba. Ukiwa njiani na huna maji, tumia dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya lenzi, na uipulize kwa wingi kiasi cha kutiririka. Matone mawili matatu hayatoshi. Kama hiyo pia huna, ni afadhali uvumilie alama ya kidole mpaka ufike nyumbani.

Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia, dawa za klorini, siki na asetoni visiguse miwani. Asetoni, ambayo hupatikana kwenye dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha, hufanya polikaboneti iwe na ukungu usiotoka na huyeyusha fremu za asetati, ambayo ni aina ya plastiki.

Kuhusu kuitunza isipovaliwa, maneno machache yanatosha. Iweke lenzi zikiwa juu. Kasha liwe gumu, kwani lile la kitambaa halizuii funguo. Vaa na vua kwa mikono miwili. Ukitumia mkono mmoja fremu hupanuka upande mmoja, skrubu hulegea, na miwani iliyolegea huteleza na kuanguka. Kuipandisha kichwani kunaipanua vivyo hivyo na kuipaka mafuta ya nywele. Marashi na dawa ya nywele jipulizie kabla ya kuvaa miwani.

Alama nyingine si mikwaruzo

Kabla ya kuamua lolote, osha miwani, ikaushe, kisha iinamishe huku na huku chini ya taa yenye mwanga mkali. Mkwaruzo ni mstari wenye mwelekeo: mmoja mrefu, au mingi mifupi inayozunguka kufuata njia ya kitambaa. Ukiona mtandao wa nyufa nyembamba umeenea lenzi nzima, hilo ni joto. Plastiki hutanuka kuliko matabaka ya oksidi yaliyo juu yake, na yanaposhindwa kuifuata hupasuka. Miwani iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani hupatwa na hali hiyo, vilevile iliyosogezwa karibu na oveni inayofunguliwa, iliyooshwa kwa maji ya moto au kukaushwa kwa mashine ya nywele. Mabaka yenye kingo zisizo sawa, hasa yanayoanzia pembeni, ni dalili kwamba tabaka linabanduka.

Kutofautisha kuna faida ya fedha. Tabaka linalobanduka lenyewe mapema linaweza kuwa kasoro ya utengenezaji, na maduka mengine hubadilisha lenzi kama dhamana haijaisha. Nenda na risiti, na usiisugue kwanza nyumbani.

Kwa nini tiba za nyumbani zinazidisha tatizo

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, mara nyingi silika au kaboneti ya kalsiamu, zilizokusudiwa enameli ya jino, ambayo ni ngumu mno kuliko plastiki. Tuseme mkwaruzo umeingia maikroni 10. Ili uso uwe sawa tena, lazima uushushe wote unaozunguka kwa maikroni 10, na kabla hujamaliza safari tabaka gumu lote limekwisha. Unabaki na plastiki tupu iliyojaa mikwaruzo midogo isiyohesabika. Mstari mmoja umegeuka wingu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Nguvu ya lenzi inatokana na mpindo wa nyuso zake, uliochongwa na mashine. Kidole kinachosugua mahali pamoja huchimba bonde dogo, na hapo lenzi haina tena namba uliyoandikiwa. Magadi soda hufanya yaleyale.

Nta ya gari na dawa za kung'arisha fanicha hujaza mkwaruzo kwa muda, kwa hiyo mtu huona nafuu na kuamini umepona. Baada ya muda mfupi nta inapakazika, inashika vumbi, na usafishaji unaofuata unakwaruza zaidi. Rangi ya kucha isiyo na rangi huacha uvimbe unaopinda mwanga, na viyeyushi vyake hushambulia polikaboneti.

Inayotisha kuliko zote ni krimu ya kuchorea vioo. Huwa na kemikali za floridi zenye tindikali, zinazopenya ngozi na kuunguza nyama iliyo chini yake, na maumivu yanaweza kuchelewa kuanza. Kwenye lenzi ya plastiki haiondoi mkwaruzo. Inavua tabaka la kuzuia mng'ao. Hakuna lenzi inayostahili hatari hiyo, hasa kwa kitu kitakachokaa sentimita chache kutoka machoni.

Lenzi za kioo halisi zinaweza kung'arishwa kwa oksidi ya seriamu, lakini hatari ya kuharibu mpindo ni ileile, kwa hiyo haishauriwi kwa miwani ya namba.

Lini kubadilisha lenzi

Mkwaruzo ulio pembeni, usiouona ukiwa umevaa, uache ulivyo. Ulio mbele ya mboni ni suala jingine: hutawanya mwanga, hupunguza uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, na usiku hufanya taa za magari zitoe miale. Kwa mtu mzima hauongezi namba ya macho, ila unachosha na unaweza kuleta maumivu ya kichwa.

Pima hivi. Usiku, ukiwa na miwani iliyotoka kuoshwa, ziba jicho moja na utazame taa iliyo mbali. Sogeza miwani kidogo ili uangalie kupitia sehemu nyingine ya lenzi. Miale ikipungua, kosa ni la lenzi. Ikibaki vilevile hata kwenye sehemu isiyo na alama, usinunue lenzi kwanza. Muone mtaalamu wa macho, kwa sababu ukungu na miale ya namna hiyo ni miongoni mwa dalili za mtoto wa jicho.

Ukiamua kubadilisha, fremu ikiwa imara fundi miwani anaweza kuweka lenzi mpya humohumo. Mwombe aangalie kwanza nyufa ndogo karibu na bawaba na kama skrubu bado zinashika, kwani fremu chakavu inaweza kuvunjika lenzi inapotiwa. Inawezekana kubadilisha lenzi moja, lakini plastiki iwe ya aina ileile, la sivyo uzito na unene vitatofautiana. Hata rangi ya mng'ao unaobaki, kijani au buluu, inaweza isilingane na ya lenzi ya zamani. Kama macho hayajapimwa kwa miaka 2 au zaidi, pima kwanza.

Miwani ya usalama haina mjadala. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo au kishimo, na lenzi yenye alama za kina haiwezi tena kutegemewa kuzuia kipande cha chuma kinachoruka kutoka kwenye mashine. Ibadilishe mara moja, na ile ya zamani itupe badala ya kuiweka akiba karakana, ambako mtu mwingine ataivaa akidhani bado inakinga.