Ukuta wa Berlin kwenye chesi ya masafa

Nikisema nimetoka sare tena kwenye chesi ya masafa, ile ya kutumiana hatua kutoka mbali, watu huguna: siku zote hizo za kufikiri, kompyuta juu, halafu mnapeana mikono? Kompyuta ndiyo sababu yenyewe. ICCF, shirikisho linalosimamia mchezo huu tangu 1951, linaziruhusu waziwazi, kwa hiyo makosa ya kijinga ni nadra. Kazi ya mchezaji imehamia kwenye ufunguzi: kumpeleka mwenzako mahali ambapo mashine yake haina pa kuuma.

Safari hii nilikuwa na kete nyeusi, nikachagua Berlin, ufunguzi wa kujihami (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, bila herufi kubwa ni kitunda; x ni kula, + ni kumtishia mfalme, O-O ni mfalme kujificha nyuma ya ngome): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8. Ndio ukuta ambao Kramnik alimjengea Kasparov, bingwa wa dunia, London mwaka 2000, na Kasparov akavuliwa ubingwa bila kushinda mchezo hata mmoja.

Kwa macho, hali ya mweusi haipendezi. Mfalme amemla malkia kwa mkono wake, basi hawezi tena kujificha nyuma ya ngome kwa O-O. Vitunda viwili vimebebana kwenye safu ya c. Ondoa kete zote, bakiza wafalme na vitunda: mweupe anashinda, maana vitunda vyake vinne dhidi ya vitatu upande wa mfalme vitazaa malkia, ilhali vinne vyangu upande wa pili vinakwamishana. Kinachoniokoa ni maaskofu wawili, na kwamba hakuna malkia wa kumkimbiza mfalme wangu.

Tukaendelea: 9.Nc3 Ke8 10.h3 h5 11.Bf4 Be7 12.Rad1 Be6 13.Ng5 Rh6. Naipenda mno hatua hii ya mwisho, ngome inaingia mchezoni kwa mlango wa uani. 14.g3 Bxg5 15.Bxg5 Rg6 16.h4 f6 17.exf6 gxf6 18.Bf4, nami nikatuma 6584. Namba hizo ni urithi wa enzi za postikadi, ili Mrusi na Mreno waelewane: safu ya f ni 6, ya h ni 8, kwa hiyo farasi katoka f5 kwenda h4. Amekula kitunda kinacholindwa na g3, lakini g3 hakiwezi kulipiza. Kikitoka tu, ngome yangu ya g6 inamkabili mfalme wa g1.

19.f3 Rd8 20.Kf2 Rxd1 21.Nxd1 Nf5. Askofu wake anatembea miraba myeusi, wangu aliyebaki myeupe, hawatakutana kamwe. Sare haikuchelewa.

Anayetaka kupigana na Berlin acheze 4.d3 badala ya 4.O-O, malkia wabaki ubaoni.