Je, wajua kwa nini pasheni huchanua sana bila kuzaa?

Mpasheni umefunika uzio mzima na maua yanafunguka kila siku, lakini baada ya siku moja au mbili unayakuta chini, yamekatikia kwenye kikonyo. Wengi hukimbilia mbolea. Kama maua yapo, usianzie huko. Ukizidisha mbolea ya naitrojeni kama urea utavuna majani tu. Tatizo mara nyingi ni chavua, ule unga wa ua unaowezesha tunda kushika: haikufika, au iliyofika haikukubalika.

Lichume ua moja ulitazame kwa karibu. Katikati ya ule ushungi wa nyuzi nyeupe na zambarau kimesimama kijiti kifupi. Kimebeba vifuko vitano vya chavua vinavyotazama chini, na juu yake vimetokeza virungu vitatu vinavyoipokea chavua. Wamisionari Wakatoliki waliofika Amerika ya Kusini, asili ya mmea huu, waliona humo madonda matano na misumari mitatu ya Yesu, na ule ushungi wakaufananisha na taji la miiba. Ndiyo asili ya jina pasheni: mateso, wala si mapenzi kama wengi wanavyodhani.

Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauiwezi. Na ua lina siku moja tu ya kuchavushwa.

Hapo ndipo aina inapoleta tofauti. Pasheni ya zambarau, inayopenda ubaridi wa nyanda za juu, hufunguka alfajiri na kufunga karibu na adhuhuri, na hukubali chavua ya mmea wake wenyewe. Ya njano, inayostahimili joto la Tanga, Mombasa na Unguja, hufunguka kuanzia mnamo saa sita mchana, hufunga usiku, na kwa kawaida huikataa chavua yake yenyewe. Mmea mmoja wa njano ukiwa peke yake unaweza kuchanua msimu mzima usikupe kitu. Hata vipandikizi kumi vilivyokatwa kwenye mmea mmoja ni mmea uleule, havisaidiani. Panda angalau miwili iliyotokana na mbegu za mimea tofauti, umbali wa mita 3 hivi, ichanganyike kwenye waya mmoja.

Anayeifanya kazi hii vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Akiinama kunywa nekta, mgongo wake unasugua vifuko na virungu kwa pamoja. Nyuki wa asali ni mdogo. Mara nyingi huizoa chavua akaondoka bila kugusa virungu. Kwa hiyo mwachie yule mkubwa gogo kavu la mti laini karibu na bustani, na usinyunyizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Akikosekana, chavusha kwa mkono. Kwa pasheni ya njano, ngoja kiasi cha saa moja tangu ua lifunguke, mpaka virungu viiname kufikia usawa wa vifuko. Ambavyo havijainama havishiki. Chuma ua la mmea wa pili, paka chavua yake kwenye virungu vyote vitatu. Usipake kidogo: kila mbegu ina kifuko chake cha maji, na kila mbegu huhitaji punje yake ya chavua. Chavua haba ndiyo sababu kubwa ya tunda kuwa jepesi na tupu ndani. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupaka, rudia kwa maua mengine siku inayofuata, maana chavua iliyolowa hupasuka.

Tunda lililoshika huvimba ndani ya siku chache, na huiva kwa miezi miwili hadi mitatu.

Mmea wenyewe nao utunzwe. Shimo liwe sentimita 45 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Nguzo za kushikilia waya ziwe na mita 2 juu ya ardhi. Pandisha shina moja kwa kamba ya katani, ukiondoa machipukizi ya pembeni hadi lifike kwenye waya. Hapo kata ncha, uache matawi mawili yaende kushoto na kulia. Matawi yanayoning'inia ndiyo yanayozaa, tena kwenye machipukizi mapya, hivyo pogoa baada ya mavuno. Vikono, zile nyuzi ambazo mmea hujishikizia, vikiyafunga matawi pamoja, yatenganishe: kivuli na unyevu humo huleta madoa ya kahawia kwenye majani na matunda.

Shina likinyauka ghafla, nalo ukilikata unakuta ndani rangi ya kahawia, huo ni mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni. Ng'oa na uchome, na hapo usirudishe pasheni ya zambarau isipokuwa iliyobebeshwa juu ya shina la njano, linalouvumilia ugonjwa huo vizuri zaidi.