Wakorea na Mashine ya Kunasa Sauti: Dhana Potofu na Ukweli

Kila muhula ninapofundisha historia ya muziki wa Asia ya Mashariki, hakosi mwanafunzi wa kuniandikia kwa uhakika kamili kwamba Wakorea waliposikia fonografu, mashine ya kunasa na kucheza sauti, kwa mara ya kwanza walidhani ina pepo ndani yake, wakatimua mbio. Dhana hii imenichosha, kwa sababu ushahidi uliochapishwa Seoul kwenyewe wakati ule unasema kinyume chake.

Gazeti la Dongnip Sinmun la tarehe 20 Aprili 1899 liliripoti kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imenunua mashine hiyo, na kwamba waziri na maofisa wake waliandaa karamu huko Samcheong-dong, mtaa wa Seoul, ili kufurahia mandhari ya majira ya kuchipua. Mzungu ndiye aliyeiendesha mitambo. Alitangulia mwimbaji wa pansori, yaani simulizi ndefu za kuimbwa, kwa simulizi ya Chunhyangga, wakafuata gisaeng (wanawake watumbuizaji) wawili, Hwayong na Geumnang, na mwishoni wakaja waimbaji wa nyimbo za mitaani. Kisha kifaa kidogo cha mashine kikabadilishwa, na nyimbo zile zile zikatoka kama zilivyoimbwa. Watu, lasema gazeti, walikusanyika kama mawingu, wakastaajabu na kusifu, wakashinda hapo kutwa nzima. Je, hao ndio waliokimbia?

Wanaoshikilia dhana hii husahau kwamba fonografu ya silinda za nta ilinasa sauti na kuicheza pia, kwa hiyo waliohudhuria karamu ile walisikia waimbaji wao wenyewe, kwa lugha yao, muda mfupi baada ya kuwasikia ana kwa ana. Miaka mitatu kabla ya hapo, Julai 1896, vijana wa Kikorea waliokuwa Washington walikuwa wamekwisha kumwimbia Alice Fletcher, mtafiti wa Kimarekani wa tamaduni, naye akazinasa nyimbo zao, ukiwemo wimbo wa jadi wa Arirang, katika silinda 6 ambazo leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Hapo ndipo ninapotajiwa kisa cha mwimbaji Park Chun-jae. Inasimuliwa kwamba Mfalme Gojong, aliposikia sauti ya Park ikitoka kwenye mashine, alimwambia kuwa umri wake umepungua, kana kwamba mashine imemnyonya uhai. Wanaokipenda kisa hiki hukiishia hapo, bila kueleza kwamba Park huyo huyo alirekodi santuri nyingi katika miaka iliyofuata. Isitoshe, inasimuliwa pia kwamba mjini Paris, mwaka 1878, daktari Bouillaud aliituhumu fonografu mbele ya Chuo cha Sayansi kuwa ni hila ya mtu anayesema bila kufungua mdomo, na sijawahi kusoma insha inayowaita Wafaransa washirikina kwa sababu hiyo.

Wengine huamini kwamba santuri za kwanza za Kikorea zilitolewa na Wajapani. Sivyo: Columbia ya Marekani ilitoa nyimbo za waimbaji Han In-o na Choe Hong-mae mwaka 1907, na Victor, nayo ya Marekani, ikafuata. Kampuni za Japani zililitawala soko baada ya nchi hiyo kuitwaa Korea mwaka 1910.

Wapo pia wanaodai kwamba santuri ya kwanza ya Kikorea ni ya mwimbaji Yun Sim-deok. Yeye alirekodi "Sa-ui chanmi" (Sifa za Kifo) mjini Osaka, Japani, mwaka 1926, miaka 19 baada ya Columbia. Santuri hiyo inakumbukwa zaidi kwa sababu Yun alitoweka baharini pamoja na mpenzi wake, mwandishi wa tamthilia Kim U-jin, mwezi Agosti mwaka huo, na msiba huo ukaiuza santuri kupita kiasi.

Dhana ya mwisho ni kwamba santuri hizi zinatuonyesha pansori ilivyoimbwa uwanjani. Upande mmoja wa santuri ulibeba takribani dakika 3, ilhali pansori kamili huchukua saa kadhaa, hivyo tunachosikia ni vipande vilivyochaguliwa na kubanwa. Vilevile huwasihi wanafunzi wangu wahakiki kasi ya mzunguko kabla ya kuandika lolote kuhusu wembamba wa sauti au wepesi wa mdundo, kwa kuwa santuri nyingi tunazoziita za mizunguko 78 kwa dakika hazikurekodiwa kwa kasi hiyo hasa.