Vifaranga chini ya pedi ya joto: yanayosemwa na ukweli wake

Pedi tunayoizungumzia ni ile ya umeme ambayo watu hujikandia mgongo au kiuno. Wafugaji wadogo wa Marekani ndio walioizoesha kazi ya kulea vifaranga: hufungwa upande wa ndani wa waya meshi uliokunjwa kama pango, na vifaranga huingia chini yake. Ni njia ya kundi dogo. Pedi ya sentimita 30 kwa 60 usiipe vifaranga zaidi ya 20. Mwenye 300 aendelee na bruda yake ya kawaida, yaani boksi au chumba cha kulelea vifaranga kinachopashwa joto.

"Hewa ya bruda lazima ifike nyuzi 35"

Makosa mengi huanzia hapa. Nyuzi 35 za wiki ya kwanza, zinazoshuka kama 3 kila wiki, ni joto la mahali kifaranga anapopumzikia. Taa ya joto ya bruda haichagui: hupasha maranda, maji, chakula na kuta, ndiyo maana tukazoea kupima boksi zima. Pedi hupasha mgongo unaoigusa, basi. Mtetea naye hapashi banda. Anaatamia, na vifaranga wanamgusa.

Kwa hiyo kipimajoto ukikitundika ukutani mwa boksi kitasoma 22 na utaingiwa na hofu bure. Kilaze ndani ya pango, usawa wa mgongo wa kifaranga, ukisome baada ya saa nzima. Kikisoma kati ya 35 na 38, mambo ni mazuri.

"Akitoka chini ya pedi atapigwa baridi afe"

Kifaranga mwenye afya hutoka, akadonoa dakika chache, akakimbilia tena ndani. Kutoka na kuingia huko ndiko kunakotakiwa. Sikiliza sauti kuliko kuhesabu dakika. Mlio mkali, mrefu, usiokatika ni baridi. Wakirundikana kona moja ni baridi au upepo. Wakilala mlangoni mwa pango wamepanua mbawa na midomo wazi, pedi imezidi. Punguza ngazi moja ya joto.

Tatizo la kweli hutokea siku ya kwanza: baadhi hawajui pango ni la nini. Waingize kwa mkono mara tatu nne, hasa jioni. Maji na chakula viweke hatua moja tu kutoka mlangoni, na uchovye mdomo wa kila mmoja kwenye maji. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, maji ya kwanza yawe vuguvugu, kwa sababu hakuna taa ya kuyapasha.

"Pedi hutandikwa chini, vifaranga walale juu yake"

Hapana, kwa sababu kadhaa. Kinyesi na maji yanayomwagika hulowesha kifaa cha umeme. Joto lililozidi huweza kufanya kinyesi kigandie nyuma ya kifaranga hadi akashindwa kujisaidia. Tena asiyejua kuhama huendelea kulala juu ya joto lililozidi.

Itundike juu yao, hivi:

Kata waya meshi upana wa pedi, ukiongeza sentimita 10 kila upande. Ukunje uwe na mgongo wa mteremko: nyuma sentimita 5 kutoka kwenye maranda, mbele 10 hadi 12. Kimo hicho kina maana, maana mdogo kuliko wote lazima pedi imguse mgongo akiwa amechuchumaa, na mkubwa aweze kusimama mbele. Ncha za waya zipinde zitazame nje. Ndizo zinazotoboa macho na pedi.

Tia pedi ndani ya foronya nyepesi, kisha funga pembe za foronya kwenye waya. Usipitishe waya wala sindano kwenye pedi yenyewe. Iache ipinde taratibu kufuata fremu hiyo ya waya. Ukiikunja kwa nguvu, nyuzi za ndani hukatika au hujikusanya sehemu moja, na sehemu hiyo huungua. Juu ya fremu weka nailoni, halafu taulo moja kuukuu, kwa sababu kuanzia siku ya tatu watapanda kulala juu na kunya hapo. Waya wa umeme uelekee nje, mbali na midomo.

Kila wiki inua fremu sentimita 2 hadi 3 na ushushe ngazi ya joto. Hii ya kuinua husahaulika sana. Wiki ya tatu utakuta wadogo wamebanwa nyuma na wakubwa wameziba mlango.

"Pedi yoyote inafaa"

Nyingi hujizima zenyewe baada ya saa mbili, kwa usalama wa anayepitiwa na usingizi. Kwa vifaranga, usalama huo ni kifo cha saa nane usiku. Tafuta yenye kitufe cha kuizuia isijizime, kisha uiwashe mchana kutwa uone kama kweli haizimi kabla hujaleta vifaranga.

Jambo la pili linawahusu wanaoletewa pedi na ndugu walioko Marekani. Za kule ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 itavuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na itaungua. Soma kibandiko cha nyuma kwanza.

"Umeme utaliwa vilevile"

Balbu ya joto ya kawaida ni wati 250. Ikiwaka saa 24 ni uniti 6 kwa siku. Pedi ya wati 50, hata ikivuta nguvu yote bila kupumzika, ni uniti 1.2. Kwa mwenye sola tofauti huonekana zaidi: usiku wa saa 12 pedi inataka wati-saa 600, ambazo ni nusu ya betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100, kiasi ambacho betri hiyo hukitoa bila kuumia. Taa inataka 3,000. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za bei rahisi huweza kuharibu kidhibiti cha pedi.

"Pedi haiwezi kuunguza banda"

Imepunguza hatari, haijaiondoa. Taa ikidondoka kwenye maranda huweza kuwasha moto baada ya muda mfupi. Pedi haina balbu ya kudondoka. Lakini waya uliochubuka, soketi iliyolegea au pedi iliyolowa bado ni umeme. Hata hivyo ni afadhali mara kumi kuliko jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ambalo hewa yake ya sumu huua vifaranga na mlezi wao.

"Lazima kuwe na mwanga usiku kucha"

Mwanga wanauhitaji mchana, wa kuonea chakula. Usiku giza huwalaza, na mwanga mkali usiozimwa huchangia kudonoana.

"Umeme ukikatika, basi tena"

Hapa pango lina faida juu ya taa. Taa ikizima, joto lote hutawanyika. Pango hubaki na joto la miili ya vifaranga wenyewe. Tupia blanketi juu, acha mlango mdogo wazi kwa hewa, na weka ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Umeme ukirudi toa blanketi mara moja, kwani pedi iliyofunikwa sana hupitiliza joto.

Dar au Mombasa mwezi wa Februari, kuanzia wiki ya pili pedi inaweza kuzimwa mchana. Nyanda za juu iache hadi wiki ya tano. Manyoya yakishafunika mgongo na kifua, na usiku wakawa wanalala juu ya pango kuliko ndani, izime usiku mbili ukiwa umeiacha palepale, ndipo uitoe.