Mshumaa, Kutu na Hewa: Kemia ya Kwanza kwa Mtoto

Mimi ni mwalimu wa kemia, na wazazi huniuliza mara kwa mara mtoto aanzishiwe somo hili akiwa na umri gani. Kwa maoni yangu, mtoto anayeweza kuuliza "kimekwenda wapi?" ameshafika umri huo. Chumvi ikipotea ndani ya maji, nta ikipungua mshumaani au chuma kikiliwa na kutu, swali ni lile lile, na kulijibu kwa uangalifu ndiyo kazi ya kemia. Hakuna haja ya kuharakisha majina ya atomi na alama zake, maana mtoto aliyekariri alama kabla ya kuona jambo lenyewe hubaki na maneno matupu.

Mimi hupenda kuanza na mshumaa, kama alivyofanya mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alipowahutubia vijana katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, msimu wa Krismasi wa 1860 hadi 1861. Mtu mzima auwashe mshumaa mahali pasipo na upepo, angoje nta iyeyuke vizuri kuuzunguka utambi, kisha auzime kwa kupuliza taratibu. Moshi mweupe utapanda kama uzi. Akiusogezea njiti inayowaka, sentimita moja au mbili juu ya utambi, moto utashuka kwa kufuata moshi huo na kuuwasha mshumaa upya bila njiti kugusa utambi. Mtoto akishaliona hilo ataelewa kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, na kwamba utambi kazi yake kubwa ni kuipandisha nta iliyoyeyuka. Baadaye glasi baridi ishikwe juu ya mwali kwa muda mfupi, nayo itaingia ukungu wa maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo katika nta imeungana na oksijeni ya hewani.

Lipo jaribio jingine la mshumaa ambalo naomba tulifundishe kwa tahadhari. Mshumaa unaowaka husimamishwa katika sahani ya maji, ukafunikwa kwa glasi. Unapozimika maji hupanda ndani ya glasi, na watoto huambiwa kuwa yamechukua nafasi ya oksijeni iliyokwisha. Maelezo hayo si sahihi. Mwali huzimika wakati oksijeni nyingi bado imo, na sababu kubwa ya maji kupanda ni kwamba hewa iliyopashwa joto ilitanuka, nyingine ikatoroka, kisha iliyobaki ikapoa na kusinyaa. Mtoto mwenyewe anaweza kulithibitisha akitazama vizuri, kwa kuwa maji hupanda kwa kasi baada ya moto kuzimika, wala hayapandi kidogo kidogo wakati unawaka. Inaniuma kuona jaribio zuri likimzoesha mtoto kukubali maelezo ambayo macho yake yanayakataa.

Anayetaka kuonyesha oksijeni ikitumika atumie kutu. Achukue pamba ya chuma ya kusugulia sufuria, ya aina inayoshika kutu na isiyo na sabuni, ailoweke katika siki kwa dakika chache, aikamue, kisha aibane kwenye kitako cha glasi ndefu. Glasi igeuzwe na kusimamishwa kifudifudi katika bakuli la maji, na kando yake iwekwe nyingine kama hiyo isiyo na chuma ndani, ili mtoto apate cha kulinganisha. Baada ya saa kadhaa, au kufikia kesho yake, maji yatakuwa yamepanda katika glasi yenye chuma, na yakifika mwisho yatakaribia sehemu moja kwa tano ya kimo chake, kwani oksijeni ni takribani asilimia 21 ya hewa. Hapa hakuna moto wa kuchanganya mambo. Mtoto akiuliza oksijeni imekwenda wapi, aonyeshwe ile rangi ya kahawia kwenye chuma: imo humo, imeungana nacho.

Siki ile ile isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Mtoto aelezwe sababu hiyo waziwazi, kwa kuwa nayo ni kemia.

Katika jaribio la kutu, watoto wakubwa zaidi wapige alama ya kimo cha maji kila saa, wachore grafu, kisha wajaribu kueleza kwa nini kasi ya kupanda hupungua kadiri muda unavyokwenda.