Unaenda Kili Desemba? Angalia kilichopo juu ya kichwa chako

Jumamosi moja nilialikwa kuongea na grupu la watu wa Dar wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro, wale wa kila mwaka wanaotaka 9 Desemba iwakute kileleni. Walikuwa wametoka kupiga tizi Pugu, wamejilaza chini ya mwembe jasho linawatoka, mi nikaanza na slaidi zangu za miamba, dada mmoja akanikatisha akanipa simu yake niangalie video. Vijana wa Ulaya wako kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, mara upande mzima wa mlima wenye theluji unakatika nyuma yao. "Dokta, hii na sisi itatukuta?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko slaidi zangu zote, kwahiyo leo ndo najibu hilo.

Wale wa kwenye video hawajapandishwa na lifti, wametoka nje kabisa ya maeneo yanayolindwa dhidi ya maporomoko, wanapanda kwa miguu yao, skii wamezibandika ngozi maalumu chini zisiteleze kurudi nyuma, wakifika juu wanabandua wanashuka. Sasa theluji ya Alps, ile milima ya Ulaya, inajirundika msimu mzima, tabaka juu ya tabaka, na kuna tabaka hazishikani kabisa. Chukua godoro ulilaze juu ya gololi halafu inua sakafu upande mmoja, ndo hivyo. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndo yenye kesi nyingi, chini ya hapo theluji inatulia, juu sana ya hapo inamwagika kidogokidogo kabla haijawa mzigo. Na wengi wanaofukiwa, poromoko wamelianzisha wenyewe au mwenzao, uzito wa mtu mmoja unatosha. Ukishafukiwa una kama dakika 15 hivi za kwanza, baada ya hapo nafasi ya kutoka mzima inashuka vibaya sana, ndo maana kila mtu kwenye msafara anabeba kifaa cha kurusha mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomachoma theluji, na koleo, maana helikopta haitawahi, wa kukufukua ni huyo huyo uliyekuja naye.

Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, haiko hivyo. Theluji inaanguka, ndio, na msimu wa mvua inaweza kuwa nyingi tu, ila haikai miezi ikajijenga kama ya Alps. Kwahiyo dada nikamwambia, ya kwenye video usiiwazie sana. Ya kwetu ni mawe.

Nani hajawahi kusahau soda ya chupa kwenye friza akaikuta imepasuka? Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, na yakiwa ndani ya ufa wa mwamba yanaupanua vilevile. Kule juu usiku kunaganda, mchana jua linachoma, kesho tena, keshokutwa tena, mwamba unalegea. Kinachochanganya watu ni kwamba barafu ileile inayopasua mwamba ndo gundi inayoyashika mawe yasidondoke. Gundi hiyo inaisha: kati ya 1912 na 2007 mlima umepoteza kama asilimia 85 ya eneo la barafu yake, mawe yaliyokuwa yamelala humo miaka na miaka sasa yako wazi, yanasubiri tu.

Njia inayonitia wasiwasi ni Western Breach, ile ya kutokea kambi ya Arrow Glacier. Watu wanaipenda kwa sababu haina foleni na picha zake ni kali, halafu inakuingiza moja kwa moja kwenye kreta, lile shimo la volkano kule juu. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yalishuka pale yakaua Wamarekani watatu. Maelezo ya wataalamu yalikuwa hayohayo, barafu iliyokuwa imeyashika iliyeyuka. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena, na Septemba 2015 jiwe likaua Mmarekani mwingine. Sisemi ni marufuku, nasema kama hii ni safari yako ya kwanza na kuna Machame, Lemosho, Rongai na Marangu, sioni unachokifuata huko.

Hata hizo njia za kawaida kuna kitu cha kuelewa. Watu wanalalamika kuamshwa saa sita usiku pale kambi ya Barafu au ya Kibo, baridi kali, tochi kichwani, kwanini tusiende asubuhi kistaarabu? Moja ya sababu ni ile changarawe. Usiku imeganda inakubeba, jua likipanda inalegea, unapiga hatua mbili unarudi moja na kila unachokirusha na kiatu kinamwendea aliye chini yako. Ukiangusha jiwe piga kelele "Jiwe!", usione aibu. Usiku haufuti hatari lakini unaipunguza sana.

Halafu usipumzike kwenye korongo. Korongo ni barabara ya mawe, jiwe likianza kudondoka juu litapita humo, kama mwongozaji anataka msimame sogeeni kwenye kigongo. Angalia na mawe ya chini: yaliyokaa siku nyingi yana vumbi na kuvu, yaliyodondoka juzi yana makovu masafi yanang'aa. Ukiyaona mengi ya hivyo hapo sio pa kupiga selfi, pita.

Na wale wa Uluguru na Usambara kipindi cha mvua, msijione mko salama kwa sababu hakuna barafu. Maji peke yake yanatosha. Hanang, Jumapili ya 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima ilishiba maji ikaachia, tope na mawe na miti vikaingia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80, na hao hawakuwa wapanda mlima, walikuwa kwao. Mto ukigeuka tope ghafla, au ukipungua maji huku mvua inanyesha, ujue kuna kitu kimeziba huko juu, toka bondeni panda pembeni, usikimbie kufuata mto.

Mwishoni kaka mmoja akauliza kama helmeti yake ya bodaboda itafaa, asiingie gharama. Nikamwambia hiyo ni nzito, inaziba masikio na utaivua nusu saa tu, akodi ya kupandia mlima huko Moshi. Na hata hiyo ya kukodi ni kwa jiwe la saizi ya limau. Akauliza, "Na la saizi ya friji?" Wote wakacheka. La friji, kaka, usiwepo pale.